UZI: Picha za vita vya Mwingereza Sudan, Uhabeshi na Usomali, na watu walioachwa nje ya fremu

Mdadisi wa Kale (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna picha moja haikosi kusambazwa kila vita vya Omdurman (Sudan, 1898) vinapotajwa. Wapanda farasi wa Kiingereza wameshika mikuki, farasi wanaruka, wanawaingilia katikati wapiganaji wa Khalifa, mtawala wa Sudan wakati ule. Anayeiona bila maelezo anaondoka akiamini kwamba Sudan ilichukuliwa hivyo, mwanamume kwa mwanamume, chuma kwa chuma. Nimezifuatilia picha za aina hii kwa muda mrefu na zinaniuma, kwa sababu zimeingia mpaka kwenye vichwa vya watu waliosoma.

Hiyo picha ni ya kuchorwa. Aliyeichora ni Richard Caton Woodville, mwaka uleule wa 1898, na leo iko Walker Art Gallery, Liverpool. Woodville hakuwapo Omdurman. Alikuwa mchoraji wa magazeti ya picha ya London, na kazi yake ilikuwa kumpa mnunuzi kile alichotamani kukiona.

Sasa tutazame siku yenyewe, tarehe 2 Septemba 1898, kwenye uwanda wa Karari kaskazini ya Omdurman. Kitchener, kamanda wa jeshi la Mwingereza na Misri, alikuwa na askari wapatao 25,000. Waingereza walikuwa kama 8,000 tu. Waliobaki walikuwa Wamisri na Wasudani. Mgongoni mwao ulikuwa mto Nile, na mtoni zilikaa meli za vita zenye mizinga. Khalifa Abdullahi alileta watu kama 50,000, wengi wakiwa na mikuki, panga na bunduki za zamani. Alfajiri walipoanza kusonga mbele, mizinga iliwapokea wakiwa bado mbali, zaidi ya kilomita 2. Kisha zikaja bunduki za rashasha za Maxim na bunduki za askari wa miguu. Wengi hawakufika hata mita 300 karibu na boma. Ilipofika adhuhuri, zaidi ya watu 10,000 wa Khalifa walikuwa wamekufa. Upande wa Kitchener waliouawa hawakufika 50.

Na wale wapanda farasi? Ni kikosi cha 21st Lancers, watu wasiozidi 400 hivi. Waliagizwa wauzuie upande wa Khalifa usirudi mjini. Wakaona mbele yao kundi la watu wachache, wakalivamia. Nyuma ya kundi hilo kulikuwa na korongo, na ndani ya korongo walijificha zaidi ya watu 2,000. Mapambano yalichukua kama dakika mbili. Wakafa askari 21, na farasi 119 wakauawa au kujeruhiwa. Yaani karibu nusu ya vifo vyote vya upande wa Kitchener siku ile vilitokea kwenye tukio ambalo halikubadili chochote katika matokeo ya vita. Medali tatu za Victoria Cross zilitoka hapo. Luteni mmoja aliyekuwemo, mwenye miaka 23, aliitwa Winston Churchill. Hilo ndilo tukio lililochorwa na kuchapishwa kuliko yote ya siku ile.

Mimi naona sababu iko wazi. Mtu anayekaza kidole kwenye Maxim na kuwaua watu walio mbali kiasi kwamba hawaoni sura hana picha ya kuuza. Mwenye farasi na mkuki anayo. Kwa hiyo pale penye mauaji hapakuchorwa, na pale penye ushujaa wa Mwingereza pakachorwa mara kumi.

Tuelewe pia jinsi picha hizi zilivyotengenezwa, maana wengi wetu tunachanganya mchoro na fotografia. Miaka ya 1880 mchoraji wa gazeti, kama Melton Prior wa Illustrated London News, alikuwa vitani kweli. Alichora haraka kwa penseli na kuandika pembeni maelezo ya nani yuko wapi, kisha karatasi ikasafiri kwa ngamia na meli mpaka London. Kule mchoraji mwingine, ambaye hajaona Sudan hata siku moja, aliichora upya ikavutia, na mafundi wakaichonga kwenye mbao ili ichapwe. Mpaka inamfikia msomaji imepita mikono mitatu au minne, na kila mkono umeongeza kitu.

Mfano mbaya kuliko yote ni kifo cha Gordon, jenerali wa Kiingereza aliyeulinda mji wa Khartoum dhidi ya Mahdi, kiongozi wa dini ambaye Khalifa alikuja kumrithi. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885, na meli za msaada zikatokea siku mbili baadaye. Maelezo ya jinsi Gordon alivyokufa yanapingana mpaka leo. Lakini mwaka 1893 George William Joy akachora picha ambayo iko Leeds: Gordon amesimama juu ya ngazi, ametulia, anawatazama wapiganaji wa Mahdi wenye mikuki walioko chini yake. Joy hakuwapo, wala hakuna aliyemkalishia mbele. Hata hivyo kizazi kizima cha Waingereza kiliijua Khartoum kupitia ngazi hiyo, na jeshi la Kitchener lilipoondoka kwenda kusini miaka michache baadaye, wengi nyumbani waliliona kuwa linakwenda kulipa kisasi cha mtu yule.

Fotografia nazo si shahidi asiye na upande. Nenda nyuma mpaka 1868, Waingereza walipoivamia Uhabeshi kumfuata Mfalme Tewodros pale Magdala. Jenerali Napier alishuka Zula, pwani ya Bahari ya Shamu, na askari kama 13,000, maelfu ya wapagazi na watumishi, na tembo 44 kutoka India wa kubeba mizinga. Wahandisi wa jeshi walikuja na vifaa vya kupigia picha. Teknolojia ya wakati ule ilitaka bamba la kioo lipakwe dawa, liwekwe kwenye kamera likiwa bichi na lisafishwe kabla halijakauka, ndani ya hema la giza, kwenye milima ile. Kitu kinachotembea hakikunasika. Ndiyo maana picha za Magdala ni miamba, kambi, malango na maofisa waliokaa kimya. Vita vya Arogee vya tarehe 10 Aprili, ambako mamia ya Wahabeshi waliuawa kwa saa chache, huvioni humo. Siku tatu baadaye ngome ilivamiwa, na Tewodros akajiua kwa bastola aliyokuwa amezawadiwa na Malkia Victoria.

Picha ya vita vile inayonikaa moyoni ilipigwa Uingereza, kisiwa cha Wight, mwaka uleule. Ni ya Alemayehu, mwana wa Tewodros, mtoto wa miaka 7. Aliyempiga ni Julia Margaret Cameron, mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa zama zile. Mama yake mtoto alikuwa amefariki njiani jeshi likirudi pwani. Katika baadhi ya picha yuko na Kapteni Speedy, aliyepewa kazi ya kumlea, naye Speedy amevaa mavazi ya Kihabeshi. Mzungu amevaa nguo za nchi iliyovunjwa, na mtoto wa nchi hiyo amekalishwa kama sehemu ya nyara. Mtazameni macho. Alisomeshwa Cheltenham, Rugby na Sandhurst, akafariki Leeds mwaka 1879 akiwa na miaka 18. Amezikwa Windsor. Ethiopia imeomba mabaki yake yarudishwe, na mwaka 2023 ikulu ya Buckingham ikakataa, ikisema haiwezekani kuyatoa bila kuwasumbua waliozikwa karibu naye.

Nitasimama hapa kwanza. Wenye picha nyingine au maswali, karibuni.

---

Mnazi Mmoja

Mkuu, uzi wa maana huu. Naomba kuuliza: 1898 si kamera za mkononi zilishakuwepo? Na sinema? Hakuna aliyerekodi?

---

Mdadisi wa Kale

Mkuu Mnazi Mmoja, zilikuwepo. Kodak ilikuwa sokoni tangu 1888 na maofisa kadhaa walikwenda nazo Sudan. Ndiyo sababu Omdurman ina fotografia nyingi: meli mtoni, askari wakisubiri nyuma ya boma la miiba, kuba la kaburi la Mahdi likiwa limetobolewa na makombora. Zipo na za maiti uwandani. Lakini shambulio lenyewe kwenye lenzi ndogo ya zama zile linaonekana kama mstari mwembamba kwenye upeo, na vumbi.

Sinema ilijaribiwa. Frederic Villiers, mchoraji wa vita mzoefu, alipanda na mashine ya sinema kwenye meli ya Melik. Kwa maelezo yake mwenyewe, mizinga ya meli ilipoanza kufyatua, mtikisiko uliiangusha mashine na filamu ikaharibika kwa mwanga.

---

Jabali la Mrima

Mleta uzi nakuheshimu, lakini tusije tukamsafisha Khalifa. Utawala wake ulikuwa mkali. Njaa ya 1889 iliua watu wasiohesabika huku jeshi lake likilishwa. Utumwa uliendelea. Mwaka 1897 amiri wake Mahmud aliingia Metemma akawachinja Waja'ali kwa sababu walikataa amri ya kuhama mji wao. Kuna Wasudani waliompokea Kitchener kwa mikono miwili.

---

Mdadisi wa Kale

Jabali, Metemma ni kweli tupu, na baada yake Waja'ali walipanda ngamia na farasi wakaenda na Kitchener, wakasafisha ukingo wa mashariki wa Nile kabla ya vita. Lakini tazama: hilo nalo halimo kwenye michoro. Mchoro umebakiza pande mbili tu, Mwingereza shujaa na mweusi mwenye mkuki. Waja'ali na kisasi chao wamefutwa, na raia wa Omdurman waliotaka kunusuru roho zao tu wamefutwa pia.

Na kwa kuwa umemtaja Mahmud, ipo fotografia yake ambayo kila mtu anayesoma historia hii angeitazama kwa utulivu. Alikamatwa Atbara, tarehe 8 Aprili 1898, jeshi lake liliposagwa ndani ya boma lake la miiba. Katika picha amesimama na vazi lake la jiba lina damu, pembeni wako walinzi. Hajainamisha kichwa. Inaelezwa kwamba Kitchener alipomuuliza kwa nini amekuja kuua watu, alijibu kuwa yeye anatii amri ya Khalifa kama Kitchener anavyotii ya Khedivu, mtawala wa Misri. Halafu akapitishwa mjini Berber na minyororo, watu wakimzomea. Alifia gerezani Rosetta, Misri, mwaka 1906.

Huyu ndiye aliyewachinja watu wa Metemma. Mwenye damu za Waja'ali mikononi na mateka anayedhalilishwa ni mtu mmoja, na fotografia inakulazimisha uwaone wote wawili. Mchoro wa Woodville hauwezi kazi hiyo.

Sasa niulize jambo: waliomlinda Mahmud kwenye picha ile ni akina nani?

---

Kibra Damu

Naomba nijibu mimi. Ni askari weusi wa batalioni ya 10 ya Wasudani. Jeshi la Misri lilikuwa na batalioni kadhaa za namna hiyo, watu wa milima ya Nuba na wa kusini, wengi walitekwa utumwani wakaishia jeshini. Wengine walikuwa wa Mahdi kabla, wakitekwa wanavalishwa sare upande wa pili.

Sisi Wanubi wa Kibra tunajua habari hizi majumbani mwetu. Wazee wetu hawakutoka na Kitchener, walitoka na jeshi la Emin Pasha, gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, Mwingereza Lugard akawachukua mwaka 1891 akawaingiza Uganda, kisha wakawa sehemu ya Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki). Lakini chimbuko ni lilelile: mtu wa Sudan aliyepewa bunduki apigane vita vya mwingine. Kwenye picha za Uganda na Kenya za miaka ile utawaona wamepanga mstari nyuma ya Mzungu, na chini imeandikwa jina la Mzungu tu.

---

Mdadisi wa Kale

Ndugu yangu Kibra Damu, umeligusa jambo nililotaka lifikiwe. Wajerumani nao walifanya hivyohivyo: mwaka 1889 Wissmann alikwenda Cairo akaajiri Wasudani kama 600, akawaleta pwani yetu kumpiga Abushiri. Askari hao hao wa Nile wamo kwenye historia ya Bagamoyo na Pangani.

Niongeze la Omdurman. Baada ya shambulio la kwanza Kitchener aliharakisha kwenda mjini, akaiacha brigedi ya Hector Macdonald peke yake nyuma: batalioni tatu za Wasudani na moja ya Wamisri, kama watu 3,000. Bendera nyeusi ya Khalifa, yaani kikosi chake kilichobeba bendera hiyo, ikiongozwa na ndugu yake Yaqub, ikawashukia kutoka magharibi. Walipokuwa bado wanapigana nayo, jeshi jingine likashuka kutoka vilima vya Karari kaskazini. Brigedi ikageuza mstari wake chini ya risasi, batalioni moja baada ya nyingine, ikasimama. Yaqub aliuawa chini ya bendera yake. Msaada ulipofika, Wasudani wale walikuwa wamebakiwa na risasi chache sana kila mtu. Kama kuna saa Kitchener angeweza kuaibika siku ile, ilikuwa hiyo, na waliomwokoa ni hao.

Macdonald alipokelewa kwao Scotland kama shujaa. Kitchener akapata ubwana na pauni 30,000 kutoka bunge. Askari wa batalioni ya 9, ya 10 na ya 11, majina yao mtayatafuta kwenye maandishi ya chini ya picha na hamtayapata.

---

Mto Tana

Asalaam aleikum wakuu. Mbona Usomali umeandikwa kwenye kichwa cha uzi na hujaugusa? Kwetu Sayyid Muhammad Abdille Hassan, aliyempiga vita Mwingereza, hatumjui kwa picha, tunamjua kwa mashairi. Hata wasiojua kusoma wanalo lile shairi lake juu ya Corfield, ofisa wa Kiingereza aliyeuawa na watu wake.

---

Mdadisi wa Kale

Waaleikum salaam ndugu Mto Tana. Vita vile vilidumu tangu 1899 mpaka 1920, na sijapata kuona fotografia iliyothibitika kuwa ya Sayyid mwenyewe. Zile mnazotumiana kwenye simu ni za watu wengine waliobandikwa jina lake. Mwingereza alimpiga miaka 20 bila kumpata mbele ya kamera.

Askari waliotumwa kumfuata wengi walikuwa wa Keya. Tarehe 17 Aprili 1903 pale Gumburu, Luteni Kanali Plunkett na kikosi chake, hasa askari wa batalioni ya pili kutoka Nyasa, wengi wao Wayao, walizingirwa wakamalizwa: maofisa 9 na askari 187. Watu wa ziwa Nyasa, walikufa kwenye nchi kavu ya Haud, kwa ajili ya mpaka usiowahusu. Wao hawana picha wala shairi, na hilo linanisikitisha kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa.

Corfield aliuawa Dul Madoba tarehe 9 Agosti 1913. Sayyid akatunga shairi linalomtuma maiti apeleke habari ahera. Wasomali waliihifadhi vita yao kwa ulimi, kama tenzi za pwani yetu zilivyohifadhi vita vya Wadachi, yaani Wajerumani.

Mwisho ulikuja kwa njia mpya. Januari 1920 ndege 12 ziliangusha mabomu Medishi, kisha zikaenda Taleh kwenye ngome zake za mawe. Ngome hizo zina picha zilizopigwa kutoka angani: kuta, minara, vivuli. Hakuna sura ya mtu hata mmoja. Sayyid alikimbilia Ogaden na kufariki mwishoni mwa mwaka huo.

---

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, nimesoma uzi wote nikiwa ofisini. Nafundisha Historia sekondari na picha ya Woodville nimeikuta mara nyingi kwenye vijitabu. Nifanyeje nayo, niitoe? Na hizi fotografia zinapatikana wapi? Pia zile za maiti, niwaonyeshe wanafunzi?

---

Mdadisi wa Kale

Mwalimu, usiitoe. Iweke ubaoni kando ya fotografia ya Mahmud na uwaulize vijana: aliyetengeneza hii alikuwepo? Alilipwa na nani? Risasi zilizoua watu 10,000 ziko wapi kwenye mchoro? Askari waliokuwa wengi kwenye jeshi la Kitchener wako wapi? Wape muda, watajibu wenyewe.

Picha nyingi za Sudan, pamoja na karatasi za Wingate aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa Kitchener, ziko Chuo Kikuu cha Durham, kwenye hifadhi iliyoanzishwa 1957. Nyingine ziko National Army Museum, Chelsea. Jumba hilohilo la Chelsea lilikaa na nywele za Tewodros, alizokatwa akiwa maiti, mpaka Machi 2019 lilipozirudisha Ethiopia. Zilitoka kwa familia ya mtu aliyemchora pale Magdala akiwa amekufa. Kwa hiyo mchoro na wizi vilifanywa mahali pamoja. Wakati huohuo makumbusho ya taifa Khartoum yameporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023, na Msudani anayetaka kuona picha za babu zake itabidi aziombe England.

Kuhusu maiti, msimamo wangu ni huu. Ipo fotografia ya Khalifa baada ya vita vya Umm Diwaykarat, Novemba 1899. Alipoona vita vimeshindikana alitandika ngozi ya kondoo, akaketi na maamiri wake, wakapigwa risasi hapo. Wingate aliruhusu azikwe kwa heshima. Mahdi hakupata hata hiyo: mwaka mmoja kabla Kitchener aliamuru afukuliwe, mwili ukatupwa mtoni, fuvu likabakizwa, mpaka kelele zilipofika kwa Malkia likazikwa Wadi Halfa. Ukiwafundisha vijana hayo mawili kwa maneno, wataelewa. Picha ya Khalifa mimi sitaiweka humu, na nakushauri nawe usiibandike darasani, maana ilipigwa kwa kusudi la kuthibitisha kwamba windo limeanguka, na ana wajukuu na vitukuu mpaka leo.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimekuelewa, mzee wangu. Jumatatu naanza na Mahmud kidato cha tatu. Kibra Damu, nitakufuata inbox nikuombe habari za wazee wenu, wanafunzi wangu wawili ni Wanubi.